Waliuza Kesi ya Bwana Wangu

Majina sitaandika. Bwana wangu alikuwa mutu wa haya, hakupenda jina la mutu litupwe mu njia, hata jina la mubaya. Lakini nitasema kila mumoja alikuwa nani kwetu na alifanya nini, na wenye watasoma hapa Kolwezi watajua wenyewe. Kuna mukubwa wa bwana wangu, mutoto wa kwanza wa mama yao. Kuna shangazi yao. Kuna mwenye depo. Ni hawa watatu. Udongo ndio ulimuua bwana wangu, sikatai, lakini udongo haukukaa na mutu kwenye meza kupatana bei.

Baba yao alitoka Kasai kwa treni, angali kijana, kuja kufanya kazi ya kampani ya shaba. Alipewa nyumba, posho ya unga na vitanda vya chuma, na kimoja mpaka leo tunakilalia. Mukubwa aliingia kazini nyuma ya baba yake, mu biro, ofisi ya kampani, akavaa viatu vya kufunga na kalamu mu mufuko wa shati. Bwana wangu alizaliwa wa mwisho. Alipofika umri wa kazi, kampani ilikuwa imelala, mushahara hauji, na vijana wote walichukua nyundo na tindo wakaenda karyeri, kule tunakochimba mawe kwa mikono. Mukubwa wake alimuita panya. Alisema mbele ya wageni, akicheka:

"Mu famiye yetu kuko bwana moya wa biro na panya moya."

Bwana wangu alijibu kwa upole wake: "Yaya, mwezi ikiisha, bwana wa biro anakuya kukopa bunga kwa panya."

Watu walicheka. Mukubwa naye alicheka, kisha akauliza kama bukari, ugali wetu, iko karibu kuiva.

Mi masomo niliacha primeri haijaisha. Kuandika nilijifunzia mu kwaya, kwa kunakili nyimbo. Karyeri nilikuwa napeleka chakula, na maji yakiwapo nilisafisha mawe na wanawake wengine, magoti mu matope.

Mwenye depo yeye hachimbi. Depo ni nyumba ya mabati kando ya barabara, na mizani, na kamashini ka kusoma mawe yana shaba kiasi gani. Yeye ndiye alikuwa analisha walinzi wa uzio wa karyeri, ndiye alisema leo ingieni hapa, kesho ingieni pale, na mawe yakitoka hamuuzii mwingine. Mara nyingi alichukua mifuko, akasema, "Mutapata siku ya posho." Siku ya posho ilifika, alitoa nusu. Nusu nyingine ilibaki kwake. Hivyo siku bwana wangu alipokufa, mwenye depo alikuwa na deni lake kubwa. Yeye alilijua, mi nililijua, na mukubwa alilijua vilevile, kwa sababu bwana wangu hakumuficha kitu.

Udongo ulianguka muchana, saa ya chakula. Nilikuwa juu, kwenye kichwa cha njia, na sahani ya bukari imefungwa mu kitambaa. Niliona nani alisimama wapi na nani aliamuru nini. Wenye walikuwa chini hawakupanda tena. Wenye walikuwa juu, karibu wote walikula kwa mwenye depo. Vijana wengine walitoka mbali, Kongo yote, hawakuwa na ndugu hapa. Walipanda treni ya Dilolo kabla ya mazishi, wakiogopa kuulizwa. Nilibaki mi.

Kwenye kilio mwenye depo alituma mifuko ya unga na kitambaa cheupe. Pamoja na unga alituma neno: wale waliokufa walikuwa wezi, walikata uzio, hakuna aliyewaita. Neno lilifika mu nyumba nyingi kuliko unga. Mutoto wangu wa kiume alirudi kutoka masomo, akaweka mufuko wake chini, akaniuliza:

"Mama, papa alikuwa anaiba?"

Siku walipomutoa bwana wangu mu udongo sikulia kama nilivyolia siku ile. Tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka kusimama mbele ya zuzi, hakimu wa tribinali, niseme nilichoona, kiandikwe, watoto wangu wakiwa wamekaa nyuma yangu wanasikia.

Kanisa letu lilikuwa na avoka, wakili, binti mumoja mwembamba aliyesaidia wajane. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Mama, marehemu hawezi kusimama mu tribinali. Inaomba mutu wa kusimama pa nafasi yake. Sheria inamuita likidatere."

"Anafanya nini ule?"

"Bitu byote bya marehemu biko mu mukono yake mpaka bigawanywe. Bale marehemu alikuwa anabadai, anabalipisha. Bale balikuwa banamudai, anabalipa. Anashitaki, anajibu mashitaki. Anaweza kupeleka kesi mpaka ku mwisho, na anaweza pia kuimaliza mu njia."

"Kuimaliza namna gani?"

"Kupatana na mwenye munamushitaki. Anatia sinyatire, kesi inakufa." Aliniangalia. "Kwa ile, mama, chagueni vizuri. Mutoto yako mukubwa anaweza. Ule mwanamuke, iko na umri, anajua kusoma. Na ni wa kwanza mu bariti, bale banarithi marehemu."

Nilirudi nyumbani na furaha ndogo, ile ya mutu aliyeonyeshwa mulango. Binti yangu alikuwa anamaliza kusomea uinfirmiye, kazi ya kuuguza. Nilimuambia. Alisema, "Mama, nitaitika. Ila baba-mukubwa hatapenda."

Sasa sikilizeni desturi. Kwa famiye ya bwana wangu, mujane anakaa chini kwenye mukeka, kichwa kimefunikwa, na mpaka wamuoshe hasemi mbele ya ndugu wa marehemu; kwa wengine anasema kwa kunong'ona tu. Wanasema marehemu hajafika mbali bado; akisikia sauti ya muke wake atageuka, na akigeuka hatarudi peke yake, atamukamata mutoto mumoja wa nyumba. Kama mujane ana neno, anamunong'oneza mwanamuke mukubwa aliyewekwa kando yake, huyo ndiye anasimama na kulisema. Wanamuita kinywa cha mujane. Kinywa changu kilikuwa shangazi yao. Yeye ndiye alinifundisha, nilipoolewa, kutwanga sombe, majani ya mihogo, vile bwana wangu aliipenda. Nilimuamini kuliko mama yangu.

Baraza la famiye lilikaa siku ya mwisho ya kilio, chini ya bashi, turubai la kilio, viti vya plastike mu duara. Mi nilikuwa chini. Niliona viatu tu. Viatu vya mukubwa, vile vya kufunga, vilikuwa vimepakwa mafuta mapya. Muzee aliyeongoza alisema tribinali inataka jina la likidatere ili kesi ifunguliwe.

Binamu mumoja akasema: "Mukubwa iko. Kama mukubwa iko, tunatafuta nani tena?"

Mwingine akajaribu: "Kuko mutoto mwanamuke. Iko na diplome."

"Diplome ya kutoboa bantu na shindano."

"Na kesho anaolewa. Anaenda na marehemu mu valize ya nguo?"

Walicheka. Chini ya kitambaa nilisikia binti yangu akikohoa karibu na mulango, kile kikohozi chake cha hasira.

"Tusikie mujane," muzee akasema.

Shangazi aliinama. Pumzi yake ilinuka tangawizi. Nilimunong'oneza polepole, nisirudie: "Waambie nataka mutoto wangu. Waambie mukubwa simutaki."

Alikaa kidogo hivyo, ameinama, kama mutu ambaye hajasikia. Halafu akasimama, akanyoosha kitambaa chake, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Mujane anashukuru famiye. Anasema, mukubwa wa bwana yake ni sawa bwana yake. Anaitika."

Nilivuta kitambaa chake. Alishusha mukono akauweka juu ya kichwa changu, akakandamiza, vile unakandamiza kichwa cha mutoto anayenyolewa. Makofi yalipigwa. Mutu akaandika kwamba mujane amekubali.

Wasichana wa leo wananiuliza: ungepiga kelele, kwa nini haukupiga? Wakae kwanza kwenye ule mukeka. Nilikuwa na watoto wadogo. Kama ningetoa sauti, na mutoto akashikwa na malaria mwezi ule, na malaria hapa haikosi, wangesema mi ndiye nilimuita mauti. Nilinyamaza kwa ajili ya watoto, na kimya changu kikaandikwa kuwa jibu. Waliponiosha na kunirudishia sauti, karatasi ilikuwa imekwisha kwenda tribinali, na tribinali ikaithibitisha.

Sitasema uongo, mwanzoni mukubwa alifanya kazi. Alienda na avoka wa kanisa, kesi ya kumushitaki mwenye depo ikafunguliwa. Halafu akaanza kuzunguka kudai madeni ya marehemu. Ile karatasi ya tribinali aliikunja mu plastike mvua isije ikailowesha, na kila nyumba aliifungua upya. Alienda kwa mwashi aliyeazima tarumbeta ya bwana wangu, ile ya kwaya. Alienda kwa mama wa mandazi ambaye bwana wangu alimulipia unga wakati mutoto wake alikuwa hospitali. Alipanda pikipiki mpaka Kasaji kumudai rafiki wa bwana wangu baiskeli, akarudi nayo juu ya mugongo wa pikipiki, gurudumu moja halipo. Bwana wangu maisha yake yote hakujua kudai. Akiwa amekufa ndipo akawa mudai mukali kuliko wote.

Siku moja mukubwa alifika kwangu, mi napanga makala yangu ya kuuza, makaa ya kupikia. Nilimupa kiti. Alikohoa.

"Shemeki, ni yulu ya ile franga ya makala."

"Makala gani?"

"Ile pesa marehemu alikupatia, ukaanza kuuzisha makala. Aliniambiaka yeye mwenyewe."

"Alinipatia mi, muke yake."

"Ilitoka mu mali yake, ikaenda inje. Ile njo deni yenyewe."

"Mukubwa, unanidai mi?"

"Hapana mi. Ni marehemu anakudai. Mi nakusanya tu."

Makala yaliyobaki aliyabeba kwa kisukumizi. Jirani yangu aliniona nimesimama mulangoni, akauliza kuna nini, nikamuambia bwana wangu amenitumia mutu kunidai. Tulicheka, mi na yeye, mpaka tukakaa chini. Halafu nikawa silii wala sicheki, naangalia tu alama nyeusi ya makala kwenye saruji.

Deni kubwa lilikuwa depo. Kule mukubwa alienda mwisho, na alienda mara nyingi. Nilijulishwa na vijana wanaopita: wamemuona amekaa ndani, kwenye kiti cha wageni, na bia. Nilifikiri, vizuri, anadai. Sikujua kwamba kwenye meza ile deni na kesi viliwekwa mu mufuko mumoja.

Siku yangu ya kutoa ushahidi ilifika. Avoka alikuwa ameniambia tarehe kabla ya kusafiri Lubumbashi, akasema atanikuta tribinali. Nilivaa kitenge cha kwaya. Binti yangu aliomba ruhusa hospitali. Mutoto wa kiume nilimuambia asiende masomo, aje asikie. Njiani nilikuwa narudia maneno yangu mu moyo, kama nyimbo, nisisahau mahali pa kuanzia.

Karani alikuwa na dirisha dogo. Aliuliza: "Mama, unatafuta kesi gani?"

"Ya bwana yangu. Ule wa karyeri."

Aligeuza karatasi. "Ile iliondolewa."

"Nani aliiondoa?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe alikufa, tata."

Aliinua macho. Hakuwa mutu mubaya, naona alitamani kuwa na jibu lingine. "Likidatere, mama. Balipatana. Alitia sinyatire."

Avoka alitukuta nje kwenye benchi, na vumbi ya safari mu nywele. Yeye pia hakuwa anajua. Mukubwa alimupita, akaenda na mwandishi wa mwenye depo. Aliingia, akatoka na kopi, akanisomea polepole. Mwenye depo atalipa deni la mifuko alilokuwa nalo kwa marehemu. Kwa huruma yake ataongeza kidogo ya mazishi. Likidatere naye anaondoa mashitaki, na anakubali kwamba marehemu aliingia karyeri mwenyewe, kwa siri, bila ruhusa ya mutu.

Nilimuomba arudie. Alirudia.

Mwone vile walifanya. Ile franga ilikuwa yetu. Bwana wangu aliitolea jasho, ilikuwa imekaa kwa mwenye depo tu. Mwenye depo alilipa kile alichokuwa anadaiwa, na kwa kulipa akanunua kifo. Na jina la mwizi likaandikwa, na aliyetia sinyatire chini yake ni damu ya bwana wangu.

"Anaweza kufanya vile?" nilimuuliza avoka.

"Mamlaka anayo, mama." Neno haki hakulitaja. "Unaweza kumushitaki yeye, aonyeshe franga ilienda wapi. Ile tutafanya. Lakini hii kesi haitafufuka."

Mutoto wangu wa kiume alikuwa anasikiliza. Yule niliyemuleta asikie baba yake anasafishwa alisikia hayo.

Nilienda kwa mukubwa siku ileile. Alikuwa uwanjani kwake, anarekebisha ile baiskeli ya Kasaji. Hakusimama.

"Umemuita mudogo yako mwizi," nilimuambia.

"Ni maneno ya karatasi. Ule iko mu udongo, maneno haimuumize."

"Batoto beko yulu ya udongo."

Alifunga nati, akaifungua tena. "Shemeki, mi nilidai kampani pensheni yangu. Nilikuwa na karatasi zote, na avoka, na sheria. Benzangu balikufa tungali tunangojea. Pale njo nilijifunza: bakikupatia, kamata. Kesi inakula bantu. Weye unataka nini? Arudi?"

"Nilitaka kusema."

"Sema basi. Niko nakusikia."

Nilifungua kinywa. Kuku walikuwa wanazunguka miguu yangu, muke wake alikuwa anapepeta unga, na yeye anaangalia mnyororo wa baiskeli. Sikusema. Maneno yale hayakuwa ya kumupa yeye.

Franga sitaiongelea sana. Nyingine aliweka bati mupya kwenye nyumba yake. Nyingine alilipia mutoto wake masomo. Yangu aliniletea mu bahasha, amekata ile ya makala.

Niliomba baraza likae tena. Lilikaa; viti vilevile, watu walewale. Safari hii nilikuwa na sauti, nikasema yote, nikasema hata nilichonong'ona siku ile. Muzee akajibu kwamba famiye ilisikia mujane kwa kinywa chake, na kinywa hicho hakijawahi kulalamikiwa. Wote wakamugeukia shangazi. Alisema, "Mi nilisema kile nilisikia."

Nilimufuata jikoni kwake. Alikuwa anachagua maharage. Amezeeka.

"Shangazi, kwa nini?"

Alichagua, akatupa kajiwe. "Mwana yangu, kama ningesema maneno yako, bangekufukuza mu parseli na mu nyumba ile jioni. Weye na batoto. Niliona macho yao. Weye ulikuwa mu kitambaa, haukuona."

"Ungenirudishia maneno yangu, nijue."

"Niliona unalala mu nyumba," akasema. "Mpaka leo unalala mu nyumba."

Ni kweli, ninalala mu nyumba. Hilo ndilo linanifanya nisiweze kumuchukia vizuri, na ndiyo sababu nimemuandika pamoja na wale wawili. Labda aliniokoa. Aliniokoa bila kuniuliza, na bei yake alilipa bwana wangu.

Binti yangu aliolewa Lubumbashi, vile walimucheka. Mutoto wa kiume sasa ana ndevu. Jina la baba yake halitaji, akiulizwa anasema tu alikufa kazini. Mwenye depo amejenga depo nyingine, kubwa, upande wa Kingamyambo. Nikipita ananisalimu: "Mama, bonjour." Mi naitika, kwa sababu bwana wangu angeitika.

Kwa kuwa tribinali haikunisikia, nasema hapa, na naanza pale nilipokusudia kuanzia.

Asubuhi ile mulinzi alifungua uzio kwa ufunguo. Hakuna waya uliokatwa. Mwenye depo alikuwa amesimama pale, akiwaita bakubwa wa mashimo kila mumoja kwa jina, na la bwana wangu aliliita. Aliwaambia mashini yake kubwa ya kuchimba haitafanya kazi juu yao mpaka wapande kula. Saa ya chakula nilifika kichwa cha njia. Nilimuita bwana wangu. Alijibu kutoka chini, sauti yake ikitoka mu udongo kama ya mutu aliye nyuma ya mulango: "Ngoya kidogo, mama ya batoto, namaliza huyu mufuko." Mashini ilikuwa juu yao, imenyamaza. Dereva alitoa kichwa, akaonyesha kwa kidole chini, kule walikokuwa. Mwenye depo alitazama chini. Halafu akainua mukono wake akaupunga, vile unamupungia mutu: endelea.

Zuzi angeniuliza, "Mama, uko hakika ilikuwa mukono yake?" Ningemuambia: saa yake ya mukono ni pana, inalegea. Kila siku ya posho akipima mifuko yetu inateleza mpaka kwenye vidole, na yeye anaitikisa irudi juu. Siku ile, alipokwisha kupunga, iliteleza. Aliitikisa. Mashini ikaanza kunguruma, na mi nilikuwa bado nimeshika sahani, nikifikiri bukari itapoa.